Sura ya Sita: Maji Yaliyohama Nyumba

Utepe wa polisi ulikuwa bado umelizunguka bwawa, lakini paka wa shamba walikuwa wamekwisha kuuzoea. Kapteni Rudayna aliinama akaupita, akachuchumaa ukingoni na kutumbukiza chupa mpaka maji yakamfika kiwikoni. Maji ya juu hakuyataka. Ya juu yana vumbi, majani na mafuta ya ngozi za watu.

Chini hapakuonekana. Bwawa la Yasmini, shamba linalokodishwa kwa mapumziko, halina kina kikubwa, mtu mzima husimama popote na kichwa kikabaki nje, lakini maji yake yalikuwa kijani kizito kama mlenda uliolala. Ijumaa iliyopita, mchana kweupe, Mays, msichana wa miaka sita, alizama humo huku jamaa zake zaidi ya ishirini wakichoma nyama pembeni. Walimtafuta kwanza kwenye mizeituni. Wakamtafuta ndani ya magari, chooni, barabarani. Bwawani hakuna aliyetazama mara ya pili, kwa sababu walikuwa wamekwisha kutazama mara ya kwanza na hawakuona kitu.

Aliyemtoa ni mlinzi wa shamba, Mmisri aitwaye Shehata, na tangu jioni ile Shehata alikuwa mahabusu. Alikuwa ametia saini maelezo mafupi: tajiri yake alimpa pesa za kununulia maji mapya, yeye akazila, na maji ya zamani akayaacha bwawani. Kwa maelezo hayo angefungwa, na akimaliza kifungo arudishwe kwao Minya mikono mitupu.

Tajiri yake, Abu Rakan, alikuwa na njia nyingine. Leo baada ya sala ya alasiri angepeleka jaha, ujumbe wa wazee wenye majina, kwa babu yake Mays. Babu akikubali ombi lao, kahawa inanywewa na familia inaacha kumdai mwenye shamba. Mwendesha mashtaka alikuwa amekwisha kusema kwamba kahawa ikinywewa, kesho angefunga faili na kumpeleka mahakamani mtu mmoja tu.

Sajini Khalaf, aliyebeba sanduku la vipimo, hakuona sababu ya kurudi pale.

"Afande, chungu kimeiva," alisema. "Sisi bado tunapuliza moto."

Kilichomrudisha Kapteni ni mstari mmoja wa ripoti ya maabara, uliosema kwamba klorini imo majini, tena ya kutosha. Mlinzi mzembe haachi klorini nyuma yake. Na maji yenye klorini ya kutosha hayageuki mlenda. Mambo hayo mawili hayakai chumba kimoja, ila kama lipo la tatu linaloyapatanisha. Maabara haikushangaa kwa sababu maabara ile hupima maji ya kunywa, na hilo la tatu halimo katika maji ya kunywa. Rudayna alisoma kemia kabla ya kuvaa sare. Alilijua kwa jina lake refu la kitabuni, lakini mafundi wa mabwawa wa Amman hulifupisha wakaliita kinga.

Kinga ni unga mweupe. Jua la bondeni hula klorini kama mbuzi anavyokula majani, na kinga huishika klorini isiliwe. Ikiwa ndogo, klorini inakwisha kabla ya adhuhuri. Ikizidi, inaishika klorini mikono yote miwili. Kipimo kinaiona, lakini haiui kitu, na ukungu wa kijani unaota mbele ya macho yake. Na kinga ina tabia moja nyingine, ambayo ndiyo iliyomfanya Kapteni asimame kwenye duka la vifaa vya mabwawa kabla ya kuteremka bondeni. Haivukizwi na jua wala hailiwi na muda. Maji yakipungua yenyewe, kinga inabaki. Haitoki mpaka maji yenyewe yatolewe.

Alikuwa amepanga vifaa vyake juu ya meza ya plastiki Abu Rakan alipofika. Mwenye shamba alikuwa tayari kwa shughuli ya alasiri, kanzu imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, ndevu zimepakwa rangi, na alikuwa na chupa ya kahawa mkononi kama vile wamekuja kumtembelea. Alimmiminia Sajini. Kapteni alikataa kwa kutikisa finjani tupu.

"Binti yangu, mtoto ameshazikwa," Abu Rakan alisema. "Unamtafuta nani humo?"

"Natafuta namba."

Alianza na maji ya chupa ya dukani, ili ajue dawa yake ni nzima. Kipimo cha maji, kipimo cha dawa, akatikisa, akangoja. Yalibaki maangavu kama kioo. Kisha akachota kwenye tangi la juu ya paa, ambamo maji ya bomba huingia mara moja kwa wiki. Nayo yalibaki kama kioo. Kisha akachukua chupa ya bwawa.

Safari hii mchanganyiko uligeuka maziwa. Kapteni alilipa jua mgongo, akaushika mrija usawa wa kiuno katika kivuli chake mwenyewe. Mrija huo una doa jeusi chini kabisa, na namba zimeandikwa ubavuni. Unamimina kidogo kidogo ukitazama kutoka juu, na doa likipotea unasoma namba. Kinga ikiwa nyingi, maziwa yanakuwa mazito na doa linapotea upesi. Namba ya chini kabisa mrijani, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni mia. Doa lilipotea kabla ya kuifikia.

Alimwaga, akasuuza, akaanza upya kwa nusu maji ya bwawa na nusu maji ya chupa. Doa likapotea kwenye themanini. Alirudia mara nyingine, akampa Sajini asome bila kumwambia alichosoma yeye. Sajini naye akasema themanini.

"Mara mbili yake ni mia na sitini," Kapteni alisema. "Bwawa la nyumbani linatakiwa liwe na thelathini, ikizidi sana hamsini."

Abu Rakan aliuliza namba hiyo maana yake nini. Kapteni alimweleza bila kupunguza kitu: kinga hujilimbikiza polepole, kila dawa ikitiwa, na maji yenye mia na sitini ni maji yaliyokaa kiangazi kizima bila kubadilishwa.

Mzee alipiga paja lake.

"Si ndiyo niliyosema? Nilimpa pesa, akazila, akaniachia maji ya tangu Aprili. Andika, Sajini, andika hivyo hivyo."

Sajini Khalaf alikuwa anaandika. Kilichobaki kilikuwa kuziba chupa, kuzitia lakiri na kurudi mjini. Kipimo alichokileta Kapteni mwenyewe kilikuwa kimemfunga Shehata kwa kufuli la pili.

Kapteni aliomba aonyeshwe stoo.

Ilikuwa chumba cha bati nyuma ya jiko. Pampu, majembe, wavu wa kuopolea majani, godoro la Shehata limekunjwa kwenye kona, na ndoo nne za unga wa klorini, moja imebaki nusu. Kapteni alizisoma lebo zote nne, akachota unga kidogo kwa kijiko, akaunusa kwa mbali, akautia kwenye maji ya chupa na kuupima kinga. Maji yalibaki kama kioo.

Huu ulikuwa unga wa klorini ya chokaa, ule wa bei ndogo. Ziko dawa za klorini zinazokuja na kinga ndani yake, hasa vidonge vikubwa vya kuelea. Huu si mmojawapo. Mtu anaweza kuumwaga bwawani mpaka wajukuu wake waoe na kinga ikabaki sifuri.

Alirudi kivulini akakaa, na safari hii akapokea kahawa. Alimwambia Abu Rakan kwamba utetezi unaweza kudai hakumpa mlinzi dawa za kufanyia kazi. Mzee aliwaka. Alisema dawa haikuwahi kukosekana Yasmini, na ndoo zipo, amezihesabu mwenyewe. Kapteni akauliza kama ni dawa hiyohiyo siku zote. Hiyohiyo, tangu shamba lilipojengwa. Na vidonge?

"Vidonge ni vya Zumaridi," Abu Rakan alisema, akielekeza kidevu mlimani, lilipo shamba lake la pili. "Kule wanapanga watu wa Ghuba, wanalipa kwa usiku. Hapa wanakuja watu wa kuchoma mbawa za kuku. Unga unawatosha."

"Na maji ya Zumaridi uliyabadilisha lini?"

"Ya Zumaridi hayana haja. Ni yale ya Aprili, na unaweza kuyanywa."

"Kwa hiyo mwezi huu hakuna lori la maji lililofika. Si hapa wala kule."

"Hakuna. Lingefika vipi, na pesa amezila yule?"

Kapteni alimtaka Sajini amsomee maneno hayo yote. Abu Rakan aliyasikiliza akiitikia kwa kichwa, akatia saini kwa kalamu yake mwenyewe, na Kapteni akamshukuru.

Khalaf alisubiri mpaka gari likafika lami.

"Umemshukuru kama amekutolea mahari, afande."

"Amenipa zaidi. Yale maji ni ya zamani, Khalaf, lakini si ya zamani ya pale. Kinga haipo kwenye bomba lao, haipo kwenye dawa yao. Imeingia na maji."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka mahali palipo na vidonge."

Lakini hakupanda mlimani moja kwa moja. Alipitia kituoni, akamtoa Shehata selo, akamketisha mbele yake bila pingu. Alikuwa mtu mrefu aliyezoea kuinama, na hata kwenye kiti aliinama. Kapteni alimwambia alichokipata: maji yale yaliletwa na lori, kwa hiyo maelezo aliyotia saini ni uongo, na anataka ayafute.

Shehata alisema ameshasaini.

Kapteni alimweleza maana ya saini hiyo, kwa miaka. Shehata alisikiliza kwa adabu kama mtu anayeelezwa hali ya hewa ya nchi nyingine. Mwishowe ikajulikana anachokitegemea. Abu Rakan alikuja kumwona siku ya pili, akamwambia asitaje lori, akubali kosa, na jaha itamaliza kila kitu. Kwao Minya, wakubwa wakienda kupatanisha, humpatanishia nyumba nzima, na mfanyakazi yumo katika nyumba.

"Kahawa moja, afande. Nyumba moja," Shehata alisema. "Nimekula chumvi yake miaka tisa. Haendi kujiombea peke yake."

"Ataenda kujiombea peke yake."

"Samahani, afande. Wewe ni mwenyeji na unajua sheria. Lakini mimi namjua yeye."

Hakufuta neno. Kapteni hakumshindilia; mtu aliyefunga mlango kwa imani hafunguliwi kwa kugongewa. Alimuuliza tu nani huleta maji katika mashamba ya upande ule, swali ambalo halikumtaja mtu, na Shehata akajibu kwamba kila mtu anajua, ni Abu Shanab, wa lori la kijani.

Zumaridi palikuwa na nyasi halisi na taa ndani ya bwawa. Wageni walikuwa wamekwenda Petra. Mlinzi wa pale aliwafungulia na kurudi kwenye simu yake. Maji yalikuwa ya buluu, na kila kigae cha chini kilihesabika. Juu yake lilielea boya jeupe la dawa. Kapteni aliligeuza. Lilikuwa na vidonge vitatu, viwili vimeyeyuka nusu, na kitako cha boya kilikuwa kimeota gamba la kiangazi kizima. Ukutani, juu kidogo ya maji, palikuwa na mstari wa kijani uliosuguliwa kwa haraka, na haraka hiyo ilionekana kwenye pembe ambako brashi haikufika.

Alimpa Sajini mrija.

Khalaf alitia maji, akatia dawa, akatikisa, akangoja, akalipa jua mgongo kama alivyoona. Alimimina, doa likabaki. Akamimina tena. Alijaza mrija mpaka ukingoni na doa jeusi lilikuwa linamtazama vilevile.

"Hakuna kitu, afande."

"Rudia."

Alirudia. Hakuna kitu.

Kwa hiyo bwawa lililokula vidonge vya kinga tangu Aprili halikuwa na kinga, na bwawa ambalo halijawahi kuonja kinga lilikuwa na mia na sitini. Kila namba ilikuwa katika nyumba ya mwenzake. Maji hayapandi wala hayashuki mlima kwa miguu, na mwenye nyumba zote mbili alikuwa ametia saini kwamba hakuna lori lililofika popote. Kama dereva angemdanganya kwa kumletea maji machafu, angelitaja lori kwanza kuliko kitu chochote. Mtu halifichi lori lililomwibia. Analificha lililomtumikia.

Abu Shanab walimkuta kisimani, amekaa kwenye kivuli cha lori lake, akila mkate na nyanya huku tangi likijaa. Masharubu yaliyompa jina yalikuwa yameingia mvi. Kapteni alimwambia namba mbili na maana yake. Hakumuuliza dereva kama ni kweli. Aliuliza nani aliagiza.

Dereva alitafuna mpaka akamaliza.

"Maji ni maji, bibie," alisema. "Nikitoa kwa huyu nikampa huyuhuyu, nimeiba nini?"

Kisha akayasema yote, bila kuulizwa tena, kwa sauti ya mtu anayelalamikia barabara mbovu. Wiki iliyopita wageni wa Ghuba walikuwa wanakuja, na maji ya Zumaridi yalikuwa yameanza kugeuka. Abu Rakan akataka yatolewe, yaletwe mapya. Bwawa la Yasmini nalo lilikuwa tupu; Shehata aliagizwa kulikausha ili kuziba ufa, na maji yake aliyafungulia mizeituni. Abu Shanab alitaka kuyamwaga yale ya Zumaridi korongoni. Abu Rakan akamwambia kumwaga korongoni kuna faini, na kule chini kuna shimo linangoja maji.

"Nilimwambia, haya si ya kuogea mtu. Akasema klorini itayaosha."

"Na mlinzi alijua?"

"Mmisri? Alishika bomba, akanusa mkono wake. Akaniuliza, haya ya kisima gani? Nikamwambia ya kisima cha Abu Rakan."

Alikuwa amekusudia kuchekesha. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akaufunga mkate uliobaki kwenye karatasi.

Mwendesha mashtaka alipokea simu ofisini kwake na kusikiliza mpaka mwisho. Alikubali kutoa hati ya kumwita Abu Rakan siku hiyohiyo. Kuhusu Shehata hakukubali. Namba zinaeleza maji, alisema, hazielezi mtu. Ungamo lenye saini litabaki ungamo mpaka mwenyewe alifute kwa kinywa chake. Kapteni hakubishana, kwa sababu ndivyo sheria ilivyo.

Wakati anakata simu, adhana ya alasiri ilikuwa inaisha.

Ukumbi wa ukoo wa akina Mays ulikuwa umejaa mpaka nje. Wanaume wa jaha walikaa upande mmoja, wenye msiba upande wa pili, na katikati palikuwa na zulia tupu ambalo hakuna aliyelikanyaga. Kapteni alisimama mlangoni pamoja na Khalaf, akamwambia afungue daftari, aandike neno kwa neno na asitie lake.

Msemaji wa jaha alikuwa Pasha Mutlaq, jenerali mstaafu, ambaye heshima ya uso wake huazimwa na watu kwa mambo mazito. Finjani ilikuwa mbele yake, imejaa, haijaguswa. Alisema kwa ufasaha juu ya kadari ya Mungu na maji yasiyo na huruma. Kisha akasema wamekuja kwa ajili ya mwenzao Abu Rakan, ambaye kosa lake lote ni kumwamini mgeni.

Babu yake Mays, Haji Falah, alikuwa mtu mfupi mwenye fimbo. Aliuliza jambo ambalo inaonekana halikuwa kwenye mipango ya mtu yeyote.

"Na huyo mgeni. Mmekuja kwa ajili yake pia?"

Pasha aligeuka kumtazama Abu Rakan.

"Yule si wangu, Haji," Abu Rakan alisema. "Yule ni wa sheria."

Kalamu ya Khalaf ilisikika. Kapteni alimwangalia amalize, akasoma begani mwake, kisha akalikanyaga zulia. Baadhi ya wanaume walitazama chini kwa sababu ya mwanamke. Wengine walimtazama kwa sababu ya sare. Alitoa salamu kwa Haji, akampa Abu Rakan hati mkononi. Hakusema lililo zaidi ya hati: anaitwa na mwendesha mashtaka, sasa, kueleza habari ya maji ya Zumaridi yaliyotiwa Yasmini.

Alitaka kuondoka. Pasha ndiye aliyeuliza.

"Maji gani?"

Alimuuliza Abu Rakan, si Kapteni. Abu Rakan alisema ni mambo ya polisi, yatazungumzwa ofisini. Pasha alisema amekuja pale kwa uso wake, na angependa kujua ameuleta wapi. Upande wa wenye msiba, baba yake Mays alikuwa amesimama. Hakuna aliyemvuta akae.

"Nilidhani klorini itayaosha," Abu Rakan alisema.

Pasha Mutlaq aliitazama finjani yake. Akaiinua, akatoka nayo mpaka kizingitini, akaimwaga kahawa kwenye changarawe, akairudisha finjani tupu mezani mbele ya Haji kwa mikono miwili. Hakumtazama aliyemleta. Wenzake walianza kunyanyuka mmojammoja, wakitafuta viatu vyao.

Kapteni alirudi kituoni jua likiwa bado liko juu ya vilima vya ng'ambo. Shehata aliletwa, akakaa, akainama kama asubuhi. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kahawa imenywewa.

"Imemwagwa."

Alifunga macho. Kwake hiyo ilikuwa habari mbaya kuliko zote. Kapteni alifungua daftari la Khalaf, akamsomea swali la Haji Falah na jibu la Abu Rakan, kwa sauti ileile, bila kukaza neno.

Shehata aliomba asomewe tena. Alisomewa.

Kisha akaomba karatasi nyingine. Alifuta maelezo ya kwanza, kisha akaanza kusema, na Kapteni akaandika: lori la kijani, harufu ya mkononi, ndoo za unga alizotia asubuhi na jioni bila maji kubadilika rangi. Alisema alifunga kamba kulizunguka bwawa. Alimpigia Abu Rakan simu kumwambia chini hapaonekani, akajibiwa kwamba wageni wamelipa kuogelea, hawakulipa kusoma gazeti chini ya maji, na aifungue kamba. Aliifungua.

Kapteni aliandika hilo pia. Alingoja kama Shehata ataongeza neno la kujitetea, lakini hakuongeza.

Palibaki sehemu moja ambayo faili haikuwa nayo. Mashahidi wote walisema mlinzi alimtoa mtoto. Hakuna aliyeulizwa, wala yeye mwenyewe hakuulizwa, alijuaje alipo.

"Wao walikuwa kwenye miti, wanaita jina lake," Shehata alisema. "Mimi nilijua maji yale hayaonyeshi kitu. Nikavua viatu nikaingia."

"Ulimwonaje?"

"Sikumwona, afande. Mle macho hayana kazi. Nilianzia kwenye ngazi, nikatembea polepole, napapasa kwa nyayo, kama tunavyotafuta kambare mferejini kwetu. Nikaenda mpaka ukuta wa mbele, nikarudi. Mara ya pili mguu ukagusa nywele."

Khalaf, aliyekuwa amesimama dirishani, aligeukia nje.

"Mguu upi?" Kapteni aliuliza, kwa sababu maelezo ya shahidi lazima yakamilike.

Shehata aliinama zaidi, akaitazama miguu yake yote miwili chini ya meza, ndani ya ndala za mahabusu, kwa muda mrefu.

"Huu," alisema.